UZI: Mstari wa mto uko wapi? Homa Bay, Migori na lile swali la vyura

Leo tunaingia kwa mjadala ambao ukifika jukwaani huwa unaishia kwa kicheko. Mtu anauliza kuhusu kinamasi au miti ya mjini, mwenye kipaza sauti anajibu, "Kwani mnataka barabara isimame kwa sababu ya vyura?" Watu wanacheka, wimbo unachezwa, tunarudi nyumbani.

Kama kawaida ya nyuzi hizi, sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tu tuelewe yule aliyeuliza alikuwa anauliza nini.

Mimi ni mtu wa Migori, kazi iko Homa Bay. Hii ni miji miwili ninayoijua kwa miguu, na nitaanza na hadithi ya nyumbani.

Kaka yangu alinunua ploti Migori mjini, upande wa chini kuelekea mto. Hati miliki ipo, bikoni nne zipo, risiti zote zipo. Akachukua mkopo wa sacco, akajenga vyumba sita vya kukodisha. Siku ya kuchimba msingi, mzee mmoja jirani alisimama kando ya ua akamwambia, "Mwanangu, hapa sisi tulikuwa tunakata togo." Togo ni mafunjo, kwa wasiojua Kiluo. Kaka akadhani mzee anakumbuka ujana wake tu.

Masika ya pili, maji yakarudi njia yake ya zamani. Yaliingia vyumba vinne usiku, shimo la choo likafurika, yote yakachanganyika. Wapangaji walihama wiki hiyo hiyo. Mkopo haukuhama.

Sasa nani alikosea? Aliyemuuzia alisema hati ni halali, na kweli ilikuwa halali. Waliopitisha ramani ya ujenzi walisema wao hupitisha ramani ya nyumba, si ya maji. Kaka mwenyewe anasema alimsikia mzee lakini hakumsikiliza. Nimeizungusha hii hadithi kichwani miaka kadhaa na kila mara inanirudisha mahali pamoja: kuingiza asili kwenye mpango wa mji kunaanza kabla ya mti wowote kupandwa. Kunaanza na mtu kuchora mstari na kusema, hapa hatujengi. Na anauchora kabla ploti haijauzwa.

Tatizo ni kwamba kwa siasa, mti ni rahisi kuliko mstari.

Angalieni. Mwishoni mwa 2022 serikali ya kitaifa ilitangaza lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Novemba 13, 2023 tukapewa likizo ya kupanda miti. Mei 10, 2024 tukapewa nyingine, hiyo ikiwa pia ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko. Katiba yenyewe, Kifungu cha 69, inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Yote mazuri. Mti unapigwa picha, kila mtu anatabasamu, hakuna anayepoteza kitu. Mstari ukichorwa, kuna mtu anapoteza ploti, na huyo mtu ana kura, au ana pesa za kampeni.

Halafu hata mti wenyewe, ni mti gani? Nimeona mikaratusi ikipandwa hatua chache kutoka ukingo wa mto, eti ni kuhifadhi mazingira. Ule mti unakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi na chini yake hakuoti kitu cha maana. Wazee wetu walikuwa na ng'owo, ober, siala, yago. Ng'owo mmoja, yaani mkuyu, ukizaa unalisha ndege na popo wa kata nzima, na mizizi yake inashika ukingo. Ukisikia kiongozi ametaja idadi ya miche, muulize majina ya miti.

Wengine mtasema, lakini sisi tuna Ruma, bayoanuwai iko huko. Ni kweli, Ruma ndiyo makao ya mwisho ya korongo, yule swala mkubwa, hapa Kenya, na sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15 pekee. Nawaombea. Lakini Ruma ina ua na askari. Mimi naongea juu ya uhai ambao hauna askari: mafunjo ya ufuoni, vijito vinavyopita nyuma ya soko, kichaka cha mlima Asego juu ya mji wa Homa Bay.

Mlima, kijito, ufuo. Ukitaka kuelewa Homa Bay, anza na hizo tatu kwa mpangilio huo.

Mvua ikinyesha Asego, zamani sehemu kubwa ya maji ilizama ardhini, ikashuka polepole. Sasa weka mabati, lami, saruji na uwanja wa kuegesha magari. Maji hayazami tena. Yanashuka yote kwa dakika chache na yanabeba chochote kinachopatikana njiani: mchanga, chupa, oili ya gereji, vya chooni. Tunajenga mtaro wa saruji ili yapite haraka zaidi. Kwa hiyo mafuriko tunayatoa juu ya mji na kuyapeleka chini ya mji. Mama anayeuza samaki karibu na gati ndiye anayeyapokea.

Mnakumbuka Juni 1, 2025, Madaraka Dei ilipofanyika Homa Bay na kaulimbiu ikawa uchumi wa buluu. Mji ulipambwa, na mimi nilifurahi kama wengine wote. Lakini uchumi wa buluu unaanza na rangi ya maji yanayoingia ziwani.

Hapo ndipo mafunjo yanaingia, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ambayo jukwaani haielezwi kamwe.

Mafunjo ni mtambo. Maji machafu yakifika kwenye kinamasi yanapunguza mwendo, tope linatulia chini. Mizizi imejaa vijidudu vinavyovunja uchafu. Mmea wenyewe unanyonya naitrojeni na fosforasi, zile zile zilizo kwenye mbolea ya shambani na kwenye choo. Humo ndani kamongo anajenga kiota chake, mumi anazaa, vifaranga wa samaki wanajificha. Kuna ndege ambao hawaishi mahali pengine isipokuwa kwenye mafunjo.

Ondoa mafunjo, naitrojeni na fosforasi zinaenda moja kwa moja ziwani. Na huko zinamlisha nani? Gugumaji. Mwaka 1998 gugumaji lilifunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Boti zilikwama, samaki hawakufikika. Tukaleta fukusi wa kulila, tukaleta mashine, kila baada ya muda linarudi. Linarudi kwa sababu tunalipikia. Kila mara ukiona lile zulia la kijani limeziba gati, sehemu ya hiyo bili imetoka kwenye mitaro yetu wenyewe na ya miji mingine inayomwaga kwenye ghuba.

Wapo waliojaribu kuipigia hesabu. Kampala ina kinamasi cha Nakivubo, kinachopokea maji machafu ya mji kabla hayajaingia ghuba ambayo mtambo wa Ggaba unachota maji ya kunywa ya mji huo huo. Mwaka 1999 wachumi walikadiria kwamba kazi ya kusafisha maji inayofanywa na kile kinamasi ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Bila mshahara, bila stima. Pamoja na hesabu hiyo, kiliendelea kukatwa, kulimwa na kujengwa, na maji ya ile ghuba yakaharibika. Naileta hii ili msinipe matumaini rahisi. Kujua thamani ya kitu hakujawahi kukilinda peke yake.

Sasa pingamizi kubwa, ambalo ni la haki: mbu. Sisi watu wa ziwa tunaijua malaria kuliko Wakenya wengine wote, hiyo si siri. Mama mwenye mtoto mdogo akisikia "tuache kinamasi" anasikia "tuache mbu". Simlaumu hata kidogo.

Lakini mbu hatari zaidi wa malaria, Anopheles gambiae, anapenda dimbwi dogo, wazi, lenye jua: alama ya kwato, shimo la kuchimba mchanga, mahali tairi la lori lilipokwama. Kivuli kizito cha mafunjo hakimfai sana. Utafiti uliofanyika Kabale, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2000, ulilinganisha vijiji vilivyo karibu na vinamasi vya mafunjo na vile vilivyo karibu na vinamasi vilivyolimwa. Palipolimwa palikuwa na joto zaidi, na vipimo vya malaria vilielekea kuwa juu. Sisemi mafunjo hayana mbu. Wapo, na kuna aina nyingine wanaopenda majani. Nasema ukikata mafunjo ukaacha madimbwi, umemfanyia mbu hisani.

Turudi kwa mstari. Uko wapi kisheria?

Kanuni za mazingira za 2009 chini ya sheria ya EMCA zinasema eneo la ukingo wa mto lilindwe kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kwa kupima kutoka kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Someni hayo maneno ya mwisho tena. Hupimi kutoka pale maji yalipo Januari wakati wa kiangazi, mpimaji akiwa na haraka ya chakula cha mchana.

Na ziwa nalo? Kifungu cha 62 cha Katiba kinataja mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, na pia ardhi iliyo kati ya alama ya juu na ya chini ya maji. Sasa muulize mtu aliyekaa ufuoni Kendu Bay, Mbita au Sori: alama ya juu ni ya mwaka gani?

Kwa sababu hili ziwa hupumua. Kati ya 1961 na 1964, mvua ambazo wengine bado wanaziita za uhuru, ziwa lilipanda karibu mita mbili na nusu. Likashuka tena, polepole, miaka mingi. Watu wakashuka nalo: shamba, kibanda, kanisa, hoteli. Mei 2020 likavuka kiwango cha 1964. Majumba yakaingia maji, fuo za samaki zikapotea, viboko wakaanza kulala kwenye mashamba kwa sababu malisho yao yalizama. Tukasema ni janga. Kiboko angeulizwa angesema amerudi kwake.

Kwenye ufuo tambarare, ukihesabu kutoka alama ya 2010 au kutoka alama ya 2020, tofauti yaweza kuwa mtaa mzima. Kwa hiyo swali la mwaka gani ni swali la siasa kabisa. Kuna watu watakosa usingizi nalo, na wengi wao hawana kosa.

Migori ina jambo lake la ziada. Mto Migori unaungana na Kuja, nao Kuja unatoka vilima vya Kisii na Nyamira, halafu yote inamwagikia Nyatike kabla ya kufika ziwani. Kila masika watu wa Nyatike wanahama. Migori mjini ikiziba vijito vyake na kusukuma maji haraka, ni Nyatike inayopokea. Kwa hiyo mpango wa manispaa ya Migori ni mpango wa mafuriko ya Nyatike pia, hata kama watu wa Nyatike hawakualikwa kwenye kikao. (Zebaki ya machimbo ya dhahabu ya Macalder ni uzi wake mzima, tuiache kwa leo.)

Kuna jumuiya ya kaunti 14 za ukanda wa ziwa. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kuongea mto mmoja kama mto mmoja. Mkikutana na mwakilishi wenu, muulizeni walikaa lini mara ya mwisho wakaongea kuhusu Kuja.

Sasa sehemu ngumu, ambayo wenzangu wa mazingira hawapendi niitaje. Mstari ukichorwa, nani anahama?

Nairobi mwaka 2018 tuliona majengo makubwa ya ukingoni yakibomolewa, hata jumba la maduka. Tukapiga makofi. Halafu baada ya mafuriko ya 2024 ikatoka amri ya kuhama mita 30 kutoka mito, na tingatinga likaingia Mathare na Mukuru. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba kwa maji wakapoteza zilizobaki kwa chuma. Wengi hawakuwa na pa kwenda. Sheria ni ile ile ya mita, lakini mwenye jengo kubwa ana wakili na mwenye kibanda ana godoro. Mkiniuliza mimi, mstari unaoanza na kibanda cha mama mboga na kuiruka hoteli haujachorwa kwa ajili ya mto.

Kigali walifanya jambo la kutazamwa. Kinamasi cha Nyandungu, takriban hekta 120 ndani ya mji, kilikuwa kimeharibiwa. Kikarudishiwa mimea ya asili na mabwawa, na mwaka 2022 kikafunguliwa kama bustani ya umma. Watu wanatembea humo wikendi, na maji ya mvua yanapata pa kutulia. Lakini Kigali pia iliwahamisha watu kutoka vinamasini, na malalamiko kuhusu fidia yalikuwepo. Kuiga bustani bila kujifunza kutoka kwa malalamiko ni kuiga nusu.

Na hati miliki? Hili nimeulizwa sana kwenye ujumbe wa faragha. Jibu fupi: kuwa na hati si mwisho wa maneno. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilisema hati ya ploti ya ufuoni ambayo asili yake ni ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha taratibu haiwezi kulindwa, hata kama aliyenunua baadaye alilipa pesa zake vizuri. Mnunuzi wa mwisho ndiye anayebaki amebeba mzigo. Ndiyo maana nasema mstari uwe kwenye ramani kabla ya kuuza. Kwa mwenye ploti ya halali inayogusa ukingo ni tofauti: ardhi inabaki yake, ila ile sehemu ya ukingo ana masharti. Hajengi jumba la kudumu hapo, hakati miti ya asili, hachimbi.

Basi tukiwa na 2027 mbele yetu, kelele za jukwaani ziacheni, tazameni tarehe. Kaunti inatakiwa kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka bungeni kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha ni kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti ni Aprili 30. Kabla ya kila moja kuna vikao vya maoni ya umma, mara nyingi asubuhi ya siku ya kazi, watu thelathini na soda. Wanaojua kuuliza huwa wawili.

Kuwa wa tatu. Uliza kama kaunti ina mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, na ramani yake inaonekana wapi. Uliza ni pesa ngapi zimetengwa za kuweka bikoni za ukingo wa mto, kwa sababu ramani bila bikoni haimzuii mtu. Barabara mpya ikitajwa, uliza maji yake yanatokea wapi na yanaingia kwa nani, na kama tathmini ya mazingira iliyopelekwa NEMA inaweza kusomwa. Wakikuambia wewe si mwathiriwa huna haki ya kuuliza, watajie Kifungu cha 70: unaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba wewe binafsi umepata hasara.

Mtu wa pembeni atacheka na kutaja vyura. Mwache acheke. Chura akinyamaza kwenye kijito, fundi wa maji anapaswa kuwa wa kwanza kuuliza kwa nini.

Kaka yangu? Alibomoa vile vyumba vinne mwenyewe. Viwili vya juu vinalipa mkopo, taratibu. Chini ameacha nyasi ziote, na mwaka jana togo limechomoza tena bila kupandwa na mtu. Yule mzee alipita akaangalia, akaomba akate kidogo la kusukia mkeka.

Mlio Rongo, Awendo, Isebania, Oyugis, Ndhiwa, Mbita: wekeni hapa chini picha ya bikoni ya ukingo wa mto wenu, kama ipo. Kama haipo, wekeni picha ya mto.